Eti Tris Ni Mlialiaji? Mwacheni Mtoto wa Watu Amlilie Mama Yake

Kuna kundi moja mtandaoni linajiona ndilo lililoshika usukani wa uchambuzi wa filamu na vitabu. Hawatajwi majina hapa, wenyewe wanajijua. Mmoja ana sauti nzito na maikrofoni ya bei mbaya. Mwingine anachambua huku anajipodoa. Wa tatu kazi yake ni kusubiri hao wawili waseme, halafu naye arudie kama kayawaza yeye. Wimbo wao wote ni mmoja: wasichana wa hadithi za uasi wanalia sana. Tris wa Insurgent ni mlialiaji. Katniss wa Mockingjay ni boya, nusu ya kitabu yuko kitandani hospitalini na nusu nyingine kajificha kabatini. Eti mapinduzi hayataki machozi. Eti ukishakuwa kamanda unajikaza.

Na watu wanagonga like. Maelfu.

Kabla ya mtu kushusha povu kwenye komenti, ajue kabisa kwamba huku chini miisho yote imeanikwa, ya vitabu na ya filamu. Ambaye hajasoma wala kuangalia na anataka kushtukizwa, asepe sasa hivi na arudi akimaliza. Wanaobaki, twende kazi.

Kwa asiyejua, Insurgent ni kitabu cha pili cha Veronica Roth, kilitoka 2012, na filamu yake ikaingia kumbini 2015. Mji ni Chicago ya miaka mingi ijayo, imezungushiwa uzio, na watu wake wamegawanywa makundi matano kwa tabia. Abnegation ni wale wa kujinyima, Amity wa amani, Candor wa kusema ukweli hata kama unauma, Dauntless wa ujasiri, Erudite wa vitabu na akili nyingi. Ukifika miaka 16 unachagua kundi, na ukichagua tofauti na la wazazi wako, ndo basi tena, kundi linahesabika kuliko ndugu. Tris kazaliwa Abnegation, kachagua Dauntless. Kaka yake Caleb kachagua Erudite. Hilo la Caleb liwekwe pembeni kwanza, litarudi.

Sasa ihesabiwe siku moja tu ya huyu msichana anayeitwa mlialiaji. Erudite, chini ya Jeanine Matthews, wamewachoma Dauntless sindano yenye dawa inayoteka akili. Usiku watu wanaamka wamelala, macho wazi, wanapewa bunduki na kupelekwa kuua Abnegation. Mama yake Tris anakufa kwa risasi akimkinga bintiye. Baba yake anakufa naye. Na katika purukushani hiyohiyo anatokea Will, rafiki yake, mpenzi wa rafiki yake Christina, kamwelekezea bunduki huku hajui hata anafanya nini. Tris anafyatua kwanza. Will anaanguka.

Mama, baba na rafiki, siku moja. Ana miaka 16. Insurgent inaanza hapohapo, watu hata damu hawajaoga.

Huku kwetu mtu akifiwa na mzazi mmoja tu, mtaa mzima unasimama. Turubai linafungwa, viti vya kukodi vinashushwa, kina mama wanaingia ndani na majamvi yao, wanaume wanakaa nje na chai ya rangi, daftari la michango linazunguka. Siku tatu mfiwa hatakiwi hata kushika sufuria. Halafu kuna arobaini. Hata ofisi yenye bosi mnoko kuliko wote inatoa siku kadhaa, maana kila mtu anajua kuwa aliyefiwa hayupo, mwili upo tu. Tris hakupata siku, wala saa. Alipata treni ya kukimbilia kwa Amity, akiwa na jeraha la risasi begani, na nguo za watu. Hajaona kaburi la mama. Hajaambiwa pole na mtu asiyekuwa naye mkimbizi. Na mtu kakaa Sinza na bando la wiki anamwambia ajikaze!

Huyohuyo, ifahamike, mwaka jana aliachwa na mpenzi wa miezi minne akaweka status nyeusi wiki mbili. Watu walimpigia simu kumwombea. Hakuna aliyemwambia kamanda halii.

Hoja yao kubwa ni bunduki. Baada ya Will, Tris hawezi kushika bunduki. Mikono inakataa, pumzi inakata, vita inawaka na yeye anaingia mikono mitupu. Hapo ndipo wachambuzi wanapochekea. Eti shujaa gani huyo, eti kakaa Dauntless kujifunza nini.

Ila kuna kitu wamekiruka, na inashangaza jinsi kilivyo wazi. Ndani ya hadithi hiyohiyo lipo jeshi ambalo halilii, mikono haitetemeki, halina usiku wa ndoto mbaya na halikosei shabaha. Ni wale waliochomwa sindano. Ndivyo alivyokuwa Will dakika yake ya mwisho: mtulivu, katulia tuli, kajikaza vizuri sana. Jeanine hakutaka kitu kingine zaidi ya hicho. Alitaka vijana wenye nguvu zote za vijana lakini bila ule upuuzi wa kuumia. Sasa anayemtaka Tris aue rafiki jioni na kesho yake asubuhi ashike bunduki vilevile bila mkono kucheza, anaomba kitu ambacho ni Jeanine peke yake aliyekuwa anakiuza. Mkono wa Tris unaotetemeka ndio ushahidi kwamba sindano haikuingia.

Hapa isidhaniwe kwamba Tris anasafishwa kila kitu. Hapana. Kuna jambo moja kafanya baya, tena baya la kweli, na wachambuzi kwa vile wamebaki kwenye machozi hata hawaligusi.

Hakumwambia Christina.

Anakaa naye, anakula naye, anakimbia naye, Christina anamlilia Will mbele ya macho yake, na Tris anajua. Kila siku anameza. Hamwambii hata Tobias, mtu anayelala naye chumba kimoja. Ukweli unatoka wanapofika kwa Candor, kule ambako mtu anachomwa dawa ya ukweli na kuhojiwa mbele ya umati. Tris anajaribu kuishinda, inashindikana, na hapo ndipo Christina anaposikia kwa mara ya kwanza, hadharani, pamoja na kila mtu, kwamba aliyemuua Will kasimama pale mbele. Tobias naye anasikia hapohapo. Hebu mtu ajiweke kwenye viatu vya Christina. Kusikia kifo cha mpenzi wako kwenye mkutano wa hadhara, kutoka kwa shoga yako, ambaye kanyamaza muda wote huo. Hasira ya Christina ilikuwa halali yake, na yeyote anayesema alizidisha naye aangaliwe vizuri.

Lakini mchambuzi mwenye sauti nzito akifika hapo anakata mkeka haraka: Tris si mwaminifu, kwisha. Na hapa ndipo anapopotosha watoto wa watu, kwa sababu katupa kwenye gunia moja vitu viwili ambavyo havifanani hata kidogo. Kuna kuficha kwa sababu aibu imekukaba koo. Na kuna kuuza watu. Tris alificha. Caleb aliuza.

Caleb sasa. Kaka wa damu, tumbo moja, wamefiwa na wazazi walewale siku ileile, wamekimbia pamoja. Hadi Tris anapojipeleka kwa Erudite na kukuta kaka yake kasimama upande wa Jeanine, na kumbe alikuwa upande huo muda wote. Inauma kuliko risasi. Lakini chukua neno lao wenyewe, hilo neno uaminifu wanalolipenda kama perfyumu. Caleb alikuwa mwaminifu! Mwaminifu kwa kundi lake, mwaminifu kwa kiongozi wake, mwaminifu kwa hoja aliyoiamini. Alitimiza sheria ya mji bila kuruka mstari: kundi kwanza, ndugu baadaye. Kama uaminifu ni kutohoji na kutoyumba, medali apewe Caleb. Hawampi, maana moyoni wanajua. Sasa kama wanajua, mbona mtu akihoji kiongozi wa waasi wanamwita msaliti?

Ukitaka kuona jinsi imani isivyotembea kwa maneno, mwangalie Peter. Peter ni nyoka, hilo halina ubishi. Kwenye kitabu cha kwanza alimchoma mwenzake kisu cha jicho usiku kwa wivu wa nafasi. Hakuna mtu mwenye akili timamu angempa hata chaja yake ashike. Na Peter huyo ndiye aliyemtoa Tris kwenye meza ya kunyongewa, kwa sababu tu hakuvumilia kudaiwa. Tris aliwahi kumwokoa na deni lilikuwa linamwasha. Hakukuwa na upendo hapo, wala hotuba. Kaka akauza, adui akalipa deni. Vijana wanaoishi kwenye dunia ya namna hiyo wanalala jicho moja wazi, na anayewaambia waaminiane tu kama familia hajawahi kuibiwa hata simu na binamu yake.

Turudi kwa huba, maana timu huba hawawezi kulala bila huba. Wanasema Tris alimsaliti Tobias. Ni kweli alimwahidi hatajipeleka kwa Erudite, na akaenda. Ila ilitanguliwa na nini? Jeanine alikuwa kawatumia dawa watu watatu wa Dauntless, akawasimamisha ukingoni mwa paa ili wamfikishie ujumbe, kwamba asipojitokeza mtu kama Tris, kila baada ya siku mbili itakuwa hivyo. Marlene akaanguka. Akafa. Rafiki mwingine huyo. Tris akajumlisha maiti zake kichwani na kuona hesabu itafungwa akijitoa yeye.

Ni uamuzi mbovu. Hilo lisemwe bila kupepesa, hasa kwa vile wapo vijana wanaousoma wakidhani ndio upendo wa hali ya juu. Tris hakuwa anaenda kuokoa watu tu. Alikuwa amechoka kuishi na alipata sababu nzuri ya kusema kwa heshima. Na Roth mwenyewe hakumpa makofi. Alimlaza Tris kwenye ile meza, na ni pale, akisubiri kufa, ndipo msichana anapogundua kwamba anataka kuishi, na kwamba wazazi wake walikufa kwa kupenda wakati yeye alikuwa anataka kufa kwa kuumia. Ni kurasa chache lakini zimebeba kitabu kizima. Wachambuzi wa dakika moja wamezivuka wakiwahi busu.

Halafu kuna Tori. Tori wanampenda. Tori halii, Tori anachoma kisu. Aliamini kaka yake aliuawa kwa sababu ya kuwa Divergent, wale ambao hawakai kwenye kundi moja na dawa hazikamati vichwa vyao vizuri, na Tori kakaa na kifo hicho miaka bila kukitoa. Mwishoni anampata Jeanine chumbani, Tris anamsihi asubiri kwa sababu Jeanine ana taarifa ambazo mji mzima unazihitaji, Tori hasikii. Anamaliza. Kisha anageuka na kuwaambia watu kuwa Tris ni msaliti.

Na watu wanashangilia!

Angalia vizuri nani kaliwa na msiba pale. Siyo yule anayetetemeka kushika bunduki. Ni yule aliyejikaza miaka yote, akajikaza hadi msiba ukaoza ndani ukawa kisasi, na ilibaki kidogo tu sababu nzima ya uasi ipotee kwa sababu mtu mmoja hakuweza kungoja dakika tano. Tori si mtu mbaya. Ni mtu ambaye hakuwahi kufungiwa turubai.

Na Christina je, huyo aliyekuwa na haki ya kumchukia Tris hadi kufa? Christina ndiye anayekwenda naye kwenye ile safari ya mwisho kuingia kwa Erudite. Wapo na Cara, dada yake Will kabisa, damu ya marehemu. Watu wawili waliopoteza zaidi kwa mkono wa Tris wanatembea naye kuelekea kwenye hatari. Hawakuamka siku moja wakasema yameisha. Ilichukua maneno magumu, kukaa kimya, kukasirika upya, kutaka kusikia ilikuwaje. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mtu akiielewa anaweza hata kupatana na shoga yake waliyegombana tangu sendofu. Lakini haina mlipuko, kwa hiyo haikatwi klipu.

Sasa Katniss, maana naye katukanwa vya kutosha.

Mockingjay ya Suzanne Collins ilitoka 2010, filamu zake mbili 2014 na 2015. Katniss kaokolewa na waasi wa Wilaya ya 13, watu wanaoishi chini ya ardhi kama mchwa. Kila asubuhi mtu anaingiza mkono kwenye mashine anachapwa ratiba ya siku mkononi: saa fulani kula, saa fulani kazi, saa fulani kulala. Kwenye ratiba hiyo hakuna saa ya kulia. Wilaya ya 12 imechomwa moto na mabomu, watu wamekufa kwa maelfu, na waliobaki wanapangiwa zamu ya jikoni. Katniss haifuati ratiba, anajificha kwenye makabati na mabomba. Wachambuzi wanaita uvivu. Finnick, mwanaume mzuri kuliko wote kwenye hadithi, anakaa na kipande cha kamba anafunga mafundo na kufungua, anafunga na kufungua, kwa sababu Annie wake yuko mikononi mwa Capitol. Huyo kwa wachambuzi ni mwenye mapenzi mazito. Katniss kabatini ni boya. Ajabu, eti.

Na kuna tukio kwenye kitabu ambalo filamu ilikata. Katniss anawakuta wale watu waliokuwa wanampamba Capitol, wapaka rangi kucha na nywele, wamefungwa minyororo kwenye chumba huko Wilaya ya 13, wamepigwa. Kosa lao? Waliiba mkate. Kwa waasi. Kwa watu wazuri. Kuanzia hapo Katniss anajua alipo. Tayari hakuwa anamwamini Rais Coin, na alipowakubalia kuwa sura ya mapambano aliweka masharti na kutaka yatangazwe hadharani, mbele ya mashahidi, maana alishajua kwamba ahadi ya chumbani haidumu.

Hapo ndipo neno msaliti linapoanza kuchemka. Anahoji, anauliza nani kaamua hili, anakataa kusoma kama kasuku mistari aliyoandikiwa. Na wachambuzi wanauliza mbona hamwamini mtu, wakati anapigania upande mmoja na Coin?

Jibu liko mwisho wa kitabu na si dogo. Mabomu yanadondoshwa kwa maparashuti juu ya watoto wa Capitol. Ya kwanza yanalipuka. Wahudumu wa afya wanakimbilia kusaidia, na mabomu yaliyobaki yanalipuka. Kati ya wahudumu hao yumo Prim, mdogo wake Katniss, yule ambaye hadithi nzima ilianza kwa kumwokoa. Na mpango wa namna hiyo, bomu la kwanza liite watu wenye huruma na la pili liwaue, ulikuwa umechorwa na waasi wenyewe, Gale akiwemo. Gale, mshkaji wa porini, aliyemlishia familia yake akiwa mashindanoni. Katniss anamuuliza kama lilikuwa lake. Gale hajui. Hakuna atakayejua. Na kwa hiyo hakuna kurudi.

Watoto wa timu Gale wamelia miaka yote kwamba Gale alionewa, hakuua mtu kwa mkono wake. Sawa. Gale alikuwa mwaminifu kwa mapambano hadi tone la mwisho. Hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Alikuwa mwaminifu kwa mapambano na akasahau kuuliza mapambano yatamla nani. Baadaye akapata kazi yake nzuri Wilaya ya 2, maisha yakaendelea.

Coin anaitisha kura: wafanye Michezo ya Njaa ya mwisho kwa kutumia watoto wa Capitol. Yaani kilekile walichokuwa wanakipinga miaka 75, ila safari hii watoto wa wale. Siku ya kumuua Snow mbele ya umma, Katniss anavuta upinde, anageuza mshale, anampiga Coin. Kama angekuwa na ule uaminifu wanaoutaka wachambuzi, Panem ingepata dikteta mpya mwenye nywele nadhifu. Iliokolewa na msichana ambaye msiba ulimfundisha kutoamini hovyo.

Wanaosema kutoaminiana kunavunja uasi wana nusu ya ukweli, na nusu hiyo wapewe. Peeta karudishwa kutoka Capitol akiwa kavurugwa akili kwa sumu ya nyigu, kila kumbukumbu nzuri ya Katniss imegeuzwa tishio, na jambo la kwanza anafanya ni kumkaba shingo. Mashaka yalipandwa ndani yake kama mbegu. Hiyo ndiyo silaha chafu kuliko zote, kumfanya mtu amwogope mtu wake. Lakini wanatokaje pale? Hawamwambii Peeta aamini tu. Wanampa ruhusa ya kuuliza. Kila kinachomchanganya anauliza kama ni kweli au si kweli, na wenzake wanamjibu, hata cha aibu. Peeta anajengwa upya swali kwa swali. Mchambuzi anayewablock wafuasi wake kwa kuuliza swali moja ajifunze hapo, kama anasoma kweli na si kusimuliwa.

Kuna kitu kimoja cha mwisho, na hiki kinawahusu moja kwa moja wale walioweka vidole vitatu kwenye picha zao za wasifu.

Vidole hivyo vimetoka kitabuni hadi barabarani. Thailand, baada ya jeshi kupindua serikali Mei 2014, vijana walivinyanyua hadi wakuu wa jeshi wakapiga marufuku. Novemba mwaka huo wanafunzi watano huko Khon Kaen walivinyanyua mbele ya waziri mkuu mwenyewe akiwa jukwaani, wakakamatwa. Wiki hiyohiyo Mockingjay sehemu ya kwanza ilikuwa inaingia kumbini, na kampuni moja ya sinema Bangkok ikafuta maonyesho. Myanmar, baada ya mapinduzi ya Februari 2021, vikapanda tena, safari hii mbele ya risasi. Kwa hiyo si mapambo. Watu wamevilipia.

Lakini vilianzia wapi kwenye hadithi? Vilianzia Wilaya ya 12, kama desturi ya zamani iliyokuwa inaonekana mara mojamoja tu, kwenye mazishi. Mtu anagusa midomo kwa vidole vitatu na kuvinyoosha, kumshukuru na kumuaga anayempenda. Katniss anapomfanyia Rue, mtoto wa miaka 12 aliyechomwa mkuki, hakuwa anatangaza uasi. Alikuwa anamzika, kwa maua na ile ishara, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kumzika. Watu wa Wilaya ya 11 walipoona mtoto wao kazikwa na mgeni, wakatuma mkate. Uasi wote, mabango yote, fulana zote zinazouzwa hadi leo, chanzo chake ni msichana aliyekaa chini katikati ya mchezo wa kuuana akakataa kuondoka bila kumlilia maiti.

Basi mchambuzi mwenye vidole vitatu kwenye wasifu na komenti ya "mapinduzi hayataki machozi" chini yake, aangalie mkono wake mwenyewe.

Na kwa wanaosema Katniss alimaliza vibaya, kabaki mpweke Wilaya ya 12, haogi, anakaa jikoni anatazama moto huku mama mmoja wa zamani wa sokoni akija kumpikia: wasome hadi mwisho wa mwisho. Peeta anarudi na kupanda maua ya primrose pembeni ya nyumba, kwa ajili ya Prim. Halafu anatokea paka. Yule paka mbaya wa Prim, Buttercup, aliyemchukia Katniss tangu siku ya kwanza naye akamchukia. Katembea kutoka Wilaya ya 13 hadi nyumbani, kakonda, mguu umeumia, anamtafuta mwenye naye. Katniss anamfokea, anamrushia mto, anamwambia hayupo, hatarudi, Prim kafa. Paka anaanza kulia. Na ndipo Katniss naye, baada ya vita nzima, baada ya mshale na kesi na kurudishwa nyumbani, anakaa chini na kulia kwa sauti, na usiku ule paka analala kitandani kwake akimlinda hadi asubuhi.